Shira ya mepo kwenye jiko dogo la kuni: kuikinga ikiwa imeiva karaini, au kuikinga changa na kuimalizia kwenye gesi?

Mgema_Lewiston (Lewiston, Maine)

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Ninauliza sasa, theluji ikiwa bado imeshika ardhi, kwa sababu utomvu ukianza kutiririka hakuna anayepata nafasi ya kufikiri. Familia tatu tumekubaliana kugema miti ya mepo (maple, ambayo utomvu wake hupikwa hadi kuwa shira) iliyo nyuma ya shamba tunalolima pamoja wakati wa kiangazi. Tutatoboa mashimo 60, karibu yote katika mepo wa sukari wenye shina la kipenyo kisichopungua sentimita 25.

Tumepata jiko la kuni lenye karai bapa la chuma kisichoshika kutu, upana sentimita 60 na urefu sentimita 120, ambalo ndani yake limegawanywa kwa viambaza viwili likawa na vyumba vitatu. Utomvu unaingia chumba cha kwanza kupitia boya (vali inayojifungua kina kikipungua na kujifunga kikitosha), unapita kwenye upenyo wa mwisho wa kiambaza hadi chumba cha pili, kisha cha tatu, na chumba hicho cha tatu ndicho chenye koki ya kukingia shira.

Swali langu linahusu hatua ya mwisho. Tunaweza kusubiri shira iive kabisa katika chumba cha tatu, tufungue koki, tuchuje na kutia chupani. Tunaweza pia kuikinga ikiwa bado changa, tuichukue nyumbani na kuimalizia kwenye jiko la gesi. Njia ya tatu, ambayo mwenzetu mmoja anaipenda, ni kuacha habari ya vyumba, kupika mchana kutwa kwa mkupuo mmoja na kukomaza kila kitu jioni. Naomba mnilinganishie njia hizi kwa ladha, rangi, usalama wa karai na uhakika wa kipimo. Kuni tunazo za kutosha, kwa hiyo suala hilo lisiwasumbue.

---

Kibanda_Vermont (Kaunti ya Chittenden, Vermont)

Karibu katika kazi hii, ndugu Mgema. Mimi nimefanya kazi ya msimu katika vibanda vya wakulima wa huku kwa miaka mingi, na msimamo wangu ni kwamba karai lenye vyumba lilitengenezwa kwa ajili ya njia yako ya kwanza, na ni vyema kulitumia kama lilivyokusudiwa.

Sababu yake ni hii. Utomvu mpya unapoingia upande mmoja, unausukuma ule uliotangulia kuelekea kwenye koki, kwa hiyo sukari inazidi kukolea chumba baada ya chumba bila kuchanganyika na maji mapya. Ukifungua koki kwa wakati unaostahili, unatoa shira iliyoiva peke yake, na iliyo nyuma yake inasogea kuchukua nafasi. Kiasi kinachotoka mara moja ni kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Wengi huharibu mpangilio huo kwa kufungua koki yote kwa pupa, kwa sababu mkondo wa nguvu huvuta utomvu usiokolea kutoka chumba cha pili ukaingia cha tatu, na hapo inabidi usubiri upya. Fungua koki kidogo, shira itoke kwa mkondo mwembamba, huku ukitazama kipimajoto, na ufunge mara joto linapoanza kushuka.

Moto nao lazima uwe sawa wakati wote. Tia kuni zilizopasuliwa nyembamba, chache kwa kila mara, baada ya dakika 7 au 8, na usifungue mlango wa jiko wakati shira inakaribia kuiva, kwa sababu hewa baridi inalegeza mchemko na kipimajoto kinakudanganya. Weka ndoo ya utomvu karibu na mkono. Ukiona mapovu ya chumba cha tatu yanapanda ghafla na kuwa madogo, mazito na yenye rangi ya kahawia, mwaga utomvu humo mara moja bila kujiuliza, maana shira ikipita kiwango chake juu ya moto wa kuni huungua kwa muda mfupi sana, na karai lililopindwa na moto halinyooki tena.

Shira ikitoka karaini moja kwa moja ikachujwa ingali moto, haipashwi mara ya pili. Mimi naona ladha yake inabaki safi zaidi.

---

Mwanapwani_Lanark (Kaunti ya Lanark, Ontario)

Shikamoo mzee Kibanda. Nayaheshimu maelezo yako, lakini nadhani ndugu Mgema ana karai dogo kuliko hayo uliyoyazoea, na udogo huo unabadilisha jibu.

Mimi nina jiko linalokaribiana na lake. Ninachofanya ni kukinga shira changa inapochemka nyuzijoto 2 hadi 3 za Selsiasi juu ya kiwango cha maji kuchemka siku hiyo, yaani ikiwa na ukolezi wa Brix 50 hadi 60 (Brix ni asilimia ya sukari kwa uzito), kisha naimalizia kwenye jiko la gesi la nje, barazani. Gesi ina fadhila moja ambayo kuni hazina: ukizungusha kitasa, moto unazimika papo hapo. Kuni zilizokwisha kuwa makaa haziwezi kuzimwa kwa haraka hata ukitaka, na zile dakika za mwisho za mepo ndizo zinazohitaji moto unaotii.

Tumia sufuria yenye kina kirefu na usiijaze kupita nusu, kwa sababu shira inapokaribia kuiva hutoa povu linalopanda upesi. Tone moja la mafuta ya kupikia yasiyo na harufu, au kipande cha siagi kisichozidi punje ya kunde, hulishusha povu hilo. Usizidishe, maana mafuta hukaa katika ladha, na kama mtawagawia watu wenye mzio wa maziwa, acheni siagi kabisa. Msimalizie ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha ikiwa mna zaidi ya lita chache, kwa sababu mvuke hulowesha kuta na dari.

Kwa wenzangu waliokulia pwani nina onyo moja. Sisi tumezoea kuipima shira ya kaimati kwa kubana tone kati ya kidole gumba na cha shahada na kutazama kama linavuta uzi. Kipimo hicho hakifai hapa. Shira inayovuta uzi imekwisha kupita kiwango cha mepo, na ukiitia chupani itajenga fuwele za sukari chini na kandokando. Mepo iliyoiva bado ni nyepesi, na mtu aliyezoea shira yetu ataona kama haijafika.

---

Mwalimu_Estrie (Sherbrooke, Quebec)

Salamu kutoka Estrie. Naomba nilete hesabu, kwa sababu hoja ya Mwanapwani kuhusu udogo wa karai inaweza kupimwa.

Karai la sentimita 60 kwa 120 likiwa na utomvu wa kina cha sentimita 4 hubeba lita 29 hivi, karibu lita 10 kwa kila chumba. Tuchukulie kwamba mpangilio umekwisha kukaa, chumba cha kwanza kina wastani wa Brix 6, cha pili 18 na cha tatu 50. Sukari yote iliyomo ndani ni karibu kilo 8 na nusu. Utomvu wa kawaida wa mepo wa sukari una sukari asilimia 2, yaani gramu 20 katika kila lita, kwa hiyo mtavukiza zaidi ya lita 400 kabla koki haijafunguliwa mara ya kwanza. Shimo moja katika siku nzuri hutoa lita 4 hivi, na mashimo 60 yatawapa lita 240. Maana yake ni kwamba siku ya kwanza, hata ikiwa nzuri kiasi gani, hamtakinga tone la shira iliyoiva, na huenda mkaipata jioni ya siku ya pili ya mtiririko mzuri.

Sasa tutazame mwendo. Karai bapa lisilo na mifereji ya chini huvukiza takriban lita 40 kwa saa kwa kila mita ya mraba, na lenu, kwa eneo lake, litavukiza lita 29. Kanuni ya zamani ya wapishi wa mepo inasema ugawe 86 kwa asilimia ya sukari ili kupata idadi ya lita za utomvu zinazohitajika kwa lita moja ya shira, na kwa asilimia 2 jibu ni 43. Kwa hiyo jiko lenu litazalisha lita 0.7 hivi ya shira kwa saa moja ya mchemko mkali. Chumba cha tatu peke yake kinabeba sukari ya kutosha lita 7 za shira, kwa hiyo sukari itakayoingia humo itachemka saa 10 hivi kabla ya kutoka. Faida ya karai lenye vyumba, ambayo mzee Kibanda ameieleza vizuri, ni kupitisha sukari upesi. Na katika kibanda kikubwa kinachovukiza mamia ya lita kwa saa ndivyo inavyokuwa. Kwenu ninyi shira itakaa muda mrefu juu ya moto hata mkifanya kila kitu sawasawa. Mkiikinga changa mnapunguza wastani wa sukari katika chumba cha tatu, na muda huo unapungua pia.

Nikiulizwa mimi, viambaza vibaki, koki ifunguliwe mapema, na gesi imalize kazi.

---

Jikoni_Scarborough (Toronto, Ontario)

Naomba nimtetee yule mwenzenu wa njia ya tatu. Sisi tuna miti michache sana katika uwanja wa nyuma wa shemeji yangu, nasi hupika kwa mkupuo: tunamimina utomvu mpya juu ya ule unaochemka hadi jioni, kisha tunakomaza. Shira yetu huwa nyeusi na nzito ya ladha, na hakuna mtu nyumbani kwetu anayeilalamikia. Kwa kupikia maharage ya kuoka, kwa uji na kwa mandazi ya asubuhi, mimi naipenda kuliko ile ya rangi ya dhahabu. Kama hamna nia ya kuuza, rangi isiwakoseshe usingizi.

---

Kibanda_Vermont

Dada Jikoni amesema kweli kuhusu ladha. Madaraja yanayotumika Marekani tangu 2015, ambayo Vermont iliyatangulia mwaka 2014, hayasemi tena kwamba shira nyeusi ni duni. Yanataja rangi pamoja na nguvu ya ladha, kuanzia ya dhahabu iliyo laini, ya kaharabu, ya giza, hadi ya giza sana yenye ladha kali. Zote zinaweza kuwa nzuri. Ila kupika kwa mkupuo katika karai la lita 29 kuna tatizo jingine: jioni, shira inapokuwa kidogo, kina chake kinapungua hadi milimita chache juu ya makaa, na hapo ndipo makarai mengi huungua. Anayepika kwa mkupuo lazima aitoe shira karaini mapema na kuihamishia kwenye sufuria ndogo. Kwa hiyo njia ya tatu nayo inaishia kwenye gesi.

Hesabu ya Mwalimu siipingi. Kwa mashimo 60 na karai hilo, nakubali kwamba kungoja shira iive karaini kutawachosha bila faida waliyoitarajia. Nabaki na tahadhari mbili. Shira changa haina sukari ya kutosha kujilinda, kwa hiyo ikikaa itachacha. Mkiikinga leo, ihifadhiwe kwenye baridi na imaliziwe kesho au keshokutwa, isikusanywe hadi mwisho wa wiki. Tahadhari ya pili ni kwamba msikinge changa mno. Ukiichukua ikiwa Brix 30, umehamisha kazi ya kuni kwenda kwenye gesi, na mtungi utakwisha kabla ya shira kuiva.

---

FundiChuma_Concord (Concord, New Hampshire)

Mimi ni mchomeleaji, na nimetengeneza makarai kadhaa ya aina hii. Kabla hamjaamua njia, kagueni vitu vifuatavyo katika karai lenyewe, kwa sababu njia yoyote itashindwa kama chombo hakiko sawa.

Pimeni usawa wa karai kwa pimamaji, kwa urefu na kwa upana, likiwa limeshakaa juu ya jiko. Likiinamia upande mmoja, pembe moja itakuwa na kina kidogo kuliko nyingine, na hapo ndipo patakapoungua kwanza. Kina kisiwe chini ya sentimita 2 na nusu popote. Kwa mtu anayeanza, 4 ni salama zaidi.

Kipimajoto kiwe karibu kabisa na koki, na ncha yake izame yote ndani ya shira bila kugusa chuma cha chini. Nimeona vipimajoto vilivyofungwa kwenye ukuta wa mbali wa chumba cha tatu. Vinasoma joto la mahali ambapo shira bado ni changa, kumbe pale kwenye koki imekwisha iva.

Koki yenyewe iwe ya chuma kisichoshika kutu, ya aina ya tufe, yenye kipenyo kisichopungua robo tatu ya inchi. Koki nyembamba huzibwa na mchanga wa sukari, yaani chembe za madini zinazojitenga shira inapokolea. Sipendekezi koki ya shaba nyeupe, wala karai la zamani lililounganishwa kwa risasi, hata kama umepewa bure na jirani mwema, kwa sababu utomvu wa moto una asidi kidogo na huifyonza risasi, na kadiri maji yanavyovukizwa ndivyo risasi inavyokolea pamoja na sukari. Watoto watakula shira hiyo. Juu ya jambo hilo sina njia ya kati.

---

Mgema_Lewiston

Nawashukuru sana. Karai letu ni jipya na limechomelewa bila risasi. Koki nitaikagua kesho. Naona mmekaribia kukubaliana kuhusu gesi, basi naomba mnieleze kipimo. Mwanapwani ametaja nyuzijoto juu ya kiwango cha maji kuchemka, na dukani wanauza haidromita (ya kuelea ndani ya shira na kuonyesha ukolezi wake) na rifraktomita (ya kupima sukari ya tone moja kwa mwanga). Je, nikiwa na kipimajoto kizuri, nahitaji hivyo vingine? Na kuchuja kufanyike kabla ya kumalizia au baada yake?

---

Mwalimu_Estrie

Kipimajoto kinakuambia kwamba umekaribia; haidromita inakuambia kwamba umefika. Naomba nieleze sababu, kwa kuwa watu wengi hukariri namba moja tu, nyuzijoto 104 za Selsiasi au 219 za Farenhaiti, na namba hiyo si ya kudumu.

Shira huiva inapochemka takriban nyuzijoto 4 za Selsiasi, au 7.1 za Farenhaiti, juu ya kiwango ambacho maji matupu yanachemka mahali hapo na siku hiyo. Maji hayachemki 100 kila siku. Ukiwa mita 300 juu ya usawa wa bahari, yanachemka karibu nyuzijoto 1 chini yake. Mgandamizo wa hewa nao hupanda na kushuka hali ya hewa inapobadilika, na majira ya mepo ndiyo majira ya mabadiliko hayo, kwa sababu utomvu wenyewe hutiririka pale usiku unapoganda na mchana kuyeyuka. Dhoruba ikiingia, kiwango cha kuchemka kinaweza kuhama kwa nyuzijoto 1 nzima au zaidi. Sasa, karibu na kuiva, nusu ya nyuzijoto ya Selsiasi ni sawa na Brix 2 hivi. Kwa hiyo asubuhi ya kila siku ya kupika, chemsha maji matupu, soma kipimajoto kilekile utakachokitumia, na ongeza 4. Kufanya hivyo kunafuta pia kosa la kipimajoto chenyewe.

Kiwango cha chini kinachokubalika Kanada na Marekani kwa jumla ni Brix 66, na Vermont inadai 66.9. Ikiwa chini ya hapo, shira huota ukungu au kuchacha. Ikipita 68 au 69, fuwele zinaanza. Upana wa Brix 2 au 3 tu ndio mlio nao, na kipimajoto pekee hakitoshi kuwaweka humo.

Haidromita ya mepo ina mistari miwili, mmoja wa shira ya moto na mwingine wa shira iliyopoa. Ule wa moto umewekwa kwa nyuzijoto 99 hivi (211 za Farenhaiti), na kwa Brix 66 husoma 59, kwa sababu shira ya moto ni nyepesi kuliko iliyopoa. Chukueni kikombe kirefu cha chuma, kipasheni kwanza kwa kukijaza shira inayochemka na kuimwaga irudi sufuriani, kikijazwa tena mtumbukize haidromita taratibu, na msome bila kuchelewa. Mkichelewa shira inapoa, haidromita inaelea juu zaidi, nanyi mtadhani imeiva kumbe bado. Futeni shina la haidromita kwa maji ya moto kila baada ya kupima, maana tabaka la shira iliyokauka linaiongezea uzito.

Rifraktomita ni chombo kizuri kwa utomvu na kwa shira iliyokwisha poa na kuchujwa. Kwa tone la moto lenye mchanga ndani yake haiaminiki.

---

Mwanapwani_Lanark

Kuhusu kuchuja: mara mbili, ya pili ikiwa ndiyo yenye uzito.

Mchanga wa sukari ni chumvi za madini ya utomvu, hasa za kalsiamu na asidi ya maliki, ambazo hushindwa kubaki zimeyeyuka kadiri sukari inavyokolea. Haudhuru mwili, lakini hufanya shira iwe na ukungu machoni na chembechembe ulimini. Shira changa naipitisha kwenye kitambaa chepesi inapotoka kwenye koki, kwa sababu bado ni nyepesi na inapita kwa urahisi. Hatua hiyo inazuia mchanga wa mwanzo usishike chini ya sufuria ya gesi na kuungua. Mchanga mwingine utatokea shira inapoendelea kukolea, kwa hiyo kuchuja kwenyewe kunafanyika baada ya kuiva.

Mimi natumia kichujio kinene cha umbo la pia, ndani yake nikiwa nimepanga vitambaa vyembamba vinne. Vilowesheni vyote kwa maji ya moto na kuvikamua kwa kubana, bila kusokota, kwa sababu kusokota kunavunja nyuzi za kichujio. Shira imiminwe ikiwa imetoka motoni wakati huohuo. Kitambaa cha ndani kikiziba, kinyanyueni kwa uangalifu, shira iliyobaki ishukie kwenye kinachofuata. Vichujio visioshwe kwa sabuni wala dawa ya madoa, kwani harufu hiyo itaonekana katika kila chupa. Maji ya moto yanatosha.

Shira iliyochujwa hupoa, na chupani inatakiwa iingie ikiwa na nyuzijoto 82 au zaidi (180 za Farenhaiti). Mkiipasha tena, msiipeleke mbali kupita 93, kwa sababu ikikaribia kuchemka mchanga mpya huzaliwa na kazi ya kuchuja inapotea. Sufuria ya shira ikiwa ndani ya sufuria kubwa ya maji ya moto, joto linadhibitika vizuri. Funikeni chupa, zilazeni ubavu dakika chache ili shira ya moto iguse kifuniko kwa ndani, kisha zisimamisheni zikiwa zimeachana, zipoe upesi. Zikipoa zikiwa zimesongamana, rangi huzidi kuwa nyeusi.

---

Kibanda_Vermont

Maelezo ya kuchuja na kutia chupani nayaunga mkono yote. Nitaongeza jambo moja kuhusu kipimo. Kama shira imezidi, yaani haidromita inaelea juu ya mstari, msiiache hivyo mkidhani kwamba mmewapa watu sukari zaidi. Ongezeni shira changa kidogo au utomvu wa moto, koroga, chemsha tena, pimeni tena. Ndiyo maana ni vizuri kubakiza kikombe cha shira changa pembeni hadi kipimo kikubali.

---

Mgema_Lewiston

Basi uamuzi wetu ni huu: viambaza vinabaki, tunakinga inapofika nyuzijoto 2 na nusu juu ya maji, tunachuja kwa kitambaa chepesi, tunamalizia jioni ya kesho yake kwenye gesi barazani kwa haidromita, kisha tunachuja kwa kichujio kinene. Nimebakiwa na swali moja. Mwalimu ameonyesha kwamba karai linabeba kilo 8 za sukari wakati wote, na kwa njia yetu nadhani zitakuwa chini kidogo. Siku ya mwisho ya msimu, sukari hiyo tutaitoaje bila kuunguza karai?

---

FundiChuma_Concord

Swali zuri, na linahusu kila jioni pia. Usiku wowote mnapoacha kupika, acheni kuni ziishe karai likiwa na kina cha sentimita 5 au zaidi, kwa kuwa makaa yataendelea kuvukiza baada ya ninyi kuondoka. Karai tupu juu ya makaa halimalizi nusu saa.

Siku ya mwisho, hifadhini lita 40 hivi za utomvu mwembamba wa mwisho, au maji safi kama utomvu umekwisha, na muuingize polepole kupitia boya. Utaisukuma shira changa kutoka chumba hadi chumba, nanyi mnaikinga kwenye koki hadi kipimajoto kishuke na kukaribia kiwango cha maji. Hapo zimeni moto kwa kuuacha ufe, karai likiwa limejaa. Kilichobaki humo, mkikimimina kwenye sufuria ya gesi siku inayofuata, bado kitawapa shira nyeusi ya kupikia. Kisha jazeni karai maji na siki nyeupe, liache hivyo siku chache, na mchanga ulioshika chini utabanduka kwa sifongo laini bila kukwaruza chuma.

---

Mwalimu_Estrie

Naongeza juu ya tarehe ya siku hiyo ya mwisho, kwa kuwa wageni wengi katika kazi hii huitafuta kwenye kalenda. Tazameni machipukizi. Yakianza kuvimba, utomvu hubadilika kemikali zake, na shira yake hutoa harufu mbaya ambayo kuchuja hakuiondoi. Onjeni utomvu wa kila siku baada ya kuupasha moto kwenye sufuria ndogo kabla ya kuuingiza karaini, kwa sababu ndoo moja ya utomvu wa aina hiyo ikishaingia chumba cha kwanza, itachafua zile kilo 8 zote zilizotangulia.

---

Mgema_Lewiston

Nimeelewa. Haidromita nitaagiza mbili, kwa kuwa ni kioo na tutakuwa watu wengi barazani. Mwanapwani, nitakuomba vipimo vya kichujio chako cha pia kwa ujumbe wa faragha.